Saa, Tumbo na Damu ya Nyani wa Darajani

Kati ya Kibwezi na Mtito Andei, katika nyanda kavu za Ukambani ambako reli ya Mombasa inashuka kuelekea Tsavo, kipo kituo kidogo cha treni kiitwacho Darajani. Abiria wengi waliopita hapo hawakuwa na sababu ya kushuka. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 jina hilo lilianza kutajwa katika maandishi ya kitabibu yaliyochapwa Marekani, kwa kuwa taasisi ya Southwest Foundation for Research and Education ya San Antonio, Texas, iliyoanzishwa na Tom Slick mwaka 1941, ilikuwa imefungua huko kituo cha kukamatia na kuchunguzia nyani. Kwa mkulima wa Makueni, ambayo wakati ule ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, nyani alikuwa mwizi wa mahindi na sababu ya watoto kukesha shambani. Kwa wageni wa Texas alikuwa kitu kingine kabisa: mnyama mkubwa wa kutosha kutolewa damu mara kwa mara bila kudhurika, mwenye moyo, ini na mishipa inayofanana sana na yetu, na aliyepatikana kwa wingi bila mtu yeyote kumlilia.

Kiini cha haja hiyo kilikuwa maradhi ya moyo. Baada ya vita vya pili vya dunia Wamarekani wengi walikuwa wakianguka na kufa katika umri wa kufanya kazi, mishipa yao ikiwa imezibwa na mafuta, na madaktari walitafuta mnyama ambaye ugonjwa huo ungeweza kufuatiliwa ndani yake tangu mwanzo. Henry McGill, Jack Strong, Russell Holman na Nicholas Werthessen walichunguza mishipa ya nyani wa Kenya, wanyama waliokula majani, mizizi, matunda na wadudu, na mwaka 1960 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Circulation Research. Walikuta michirizi ya mafuta katika mshipa mkuu wa damu hata kwa wanyama ambao hawakuwahi kuonja siagi. Habari hiyo ilitosha kumfanya nyani wa Kenya kuwa mnyama wa maabara. Mwaka 1963 ukafanyika mkutano wa kimataifa huko San Antonio juu ya matumizi yake, na kutokana nao Harold Vagtborg akahariri kitabu kikubwa mwaka 1965, kikafuatwa na juzuu ya pili mwaka 1967. Wakati huohuo William Maples, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kusoma mifupa ya watu waliouawa, alikuwa Darajani akichunguza nyani wa eneo hilo, ambako jamii ya manjano na jamii ya rangi ya zeituni hukutana na kuzaana.

Ndani ya fasihi hiyo ya nyani kulikuwa na kitu ambacho kila maabara ilikihitaji, yaani majedwali ya damu ya kawaida: sukari kiasi gani, mafuta kiasi gani, chembe nyeupe ngapi. Bila jedwali kama hilo hakuna mtu anayeweza kusema kama dawa imebadilisha chochote. Hoja ya makala hii ni kwamba jedwali la namna hiyo, la nyani au la panya, halielezi mnyama peke yake. Linaeleza pia ratiba ya watu waliomshika: saa waliyochoma sindano, na muda uliopita tangu mnyama apate mlo wake wa mwisho. Mambo hayo mawili yamo ndani ya kipimo chenyewe. Mtu akiyatupa, anabaki na tarakimu ambayo haina mwenyewe.

Mfikirie nyani wa kizimbani. Mtego wa kizimba hufanya kazi kwa chambo, na chambo ni chakula. Kwa hiyo mnyama anayenaswa ni mnyama ambaye, karibu kwa hakika, ametoka kula, tena chakula kitamu kuliko kile anachokiokota porini. Baada ya hapo anakaa ndani ya kizimba, akiwa na hofu, mpaka watu wafike. Huenda ni saa moja, huenda ni usiku kucha. Akichomwa sindano mapema, sukari yake ni ya chambo. Akichomwa baada ya kukaa sana, sukari hiyo imeshuka kwa njaa na kupandishwa tena na homoni za woga. Vipimo vyote viwili ni sahihi, na mashine haikukosea, lakini vinaeleza hali mbili tofauti za mnyama yuleyule. Ukiviandika katika safu moja chini ya neno kawaida, unapata wastani wa mambo ambayo hayapaswi kujumlishwa.

Kwamba njaa hubadilisha kilichomo mwilini kulijulikana muda mrefu kabla ya Darajani, na aliyeliona jambo hilo vizuri zaidi ni Claude Bernard wa Paris. Katika kitabu chake cha mwaka 1865 kuhusu misingi ya tiba ya majaribio, anasimulia sungura walioletwa maabara kutoka sokoni. Walikojoa mezani, na mkojo wao ulikuwa mwangavu wenye asidi, ilhali mkojo wa sungura anayekula majani huwa na ukungu na hauna asidi. Mkojo ule ulikuwa wa mla nyama. Bernard akakisia kwamba wanyama hao hawakuwa wamelishwa, na kwamba mla majani anayefunga chakula anakuwa mla nyama kwa lazima, kwa sababu anajila mwenyewe. Akawapa nyasi, mkojo ukarudi kuwa wa ukungu. Akawanyima tena, ukawa mwangavu. Kisha akamfanyia farasi vivyo hivyo. Bernard huyohuyo ndiye aliyeonyesha kwamba mbwa aliyelishwa nyama tupu bado ana sukari katika damu inayotoka kwenye ini, maana ini huitengeneza na kuiweka akiba. Ninachokithamini katika kisa cha sungura ni kwamba angeweza kwa urahisi kabisa kuandika kuwa sungura wa Paris wana mkojo wa asidi, na angekuwa amepima vizuri.

Upande wa saa ulichelewa. Watu walijua tangu zamani kwamba joto la mwili hupanda mchana na kushuka usiku, lakini wataalamu wa damu waliishi kana kwamba jambo hilo haliwahusu, mpaka Franz Halberg, daktari mzaliwa wa Romania, alipohamia Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa akihesabu eosinofili, aina ya chembe nyeupe ambazo hupungua homoni za tezi zilizo juu ya figo zinapoongezeka. Panya wake walikuwa wa ukoo unaopata saratani ya matiti kwa urahisi, na ilijulikana kwamba kuwapunguzia chakula huchelewesha saratani hiyo. Halberg alitaka kujua kama njaa inafanya kazi kupitia homoni zile. Hesabu za kwanza zilikuwa kama zawadi: panya wenye njaa walikuwa na eosinofili chache mno kuliko wenzao walioshiba. Mtu mwenye haraka angefunga daftari na kuchapisha. Yeye alirudia jaribio, akapima saa tofauti, na tofauti ile ikayeyuka. Kwa saa nyingine ikaonekana kinyume.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Panya anayekula apendavyo hula zaidi usiku, na homoni zake hupanda jioni anapojiandaa kuamka. Panya waliopunguziwa chakula walikuwa wakipewa posho yao mchana, na mwili wao ukajifunza kuingoja saa hiyo. Wimbi la homoni likasogea, na wimbi la chembe likasogea pamoja nalo. Makundi mawili yalikuwa yakipanda na kushuka kwa nyakati mbalimbali. Aliyepima asubuhi aliona kundi moja likiwa bondeni na lingine kileleni, akadhani ameona kazi ya njaa. Aliyepima jioni aliona kinyume chake, akadhani mwenzake ni mwongo. Hakuna kati yao aliyehesabu vibaya. Halberg alitumia maisha yake yote yaliyobaki kulishughulikia jambo hili, na mwaka 1959 akaupa mzunguko huo wa takriban saa 24 jina la kisayansi linalotumika hadi leo. Alionyesha pia kwamba panya asiyeona anaendelea kuwa na mzunguko, ila unateleza kidogo kidogo kutoka kwenye saa ya jua, kwa hiyo mwili una saa yake na mwanga kazi yake ni kuirekebisha.

Kisa cha Minnesota kina uzito kwa hoja yangu kwa sababu kinafuta mpaka kati ya njaa na saa. Vitabu huzitaja kama hatari mbili tofauti, kila moja na dawa yake: nyima chakula, kisha pima saa ileile. Lakini chakula chenyewe ni mshale wa saa. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walitambua katika ubongo wa panya kipande kidogo, nyuma ya macho, ambacho kikiharibiwa mzunguko wa siku unavurugika. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hapo ndipo saa ilipo na viungo vingine vinaitii tu. Mwaka 2000 kundi la Ueli Schibler huko Geneva likaonyesha kwamba panya wakilishwa mchana peke yake, ini lao huhamia kwenye ratiba ya chakula huku ubongo ukibaki kwenye ratiba ya mwanga. Mnyama mmoja anakuwa na saa mbili zisizoelewana, na damu inapita kati yake ikichukua habari kutoka pande zote mbili. Anayemnyima panya chakula ili kuondoa athari ya mlo ameshika mshale wa saa ya ini na kuusogeza.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo ni la wanatakwimu. Watasema: chukua wanyama wengi, waweke kwenye makundi kwa kura, na tofauti za saa na mlo zitafutana zenyewe, kama zinavyofutana tofauti za umri na uzito. Pingamizi hili lina nguvu pale ambapo makosa yanatawanyika kila upande. Hapa hayatawanyiki. Maabara huanza kazi asubuhi na mtu mmoja hushika mnyama mmoja mmoja. Ikiwa kundi la dawa linapimwa kwanza na kundi la kulinganishia linafuata baada ya chai ya saa nne, kila mnyama wa kundi la pili amechelewa kwa muda uleule na kwa upande uleule. Ukiongeza idadi kutoka 10 hadi 1,000 unapata kosa lilelile, ila sasa unaliamini zaidi. Halberg hakukosa panya. Alikuwa nao wengi, na wote walimdanganya kwa sauti moja mpaka alipobadilisha saa.

Jibu bora kwa pingamizi hilo halikutolewa kwenye karatasi. Lilitolewa porini, tena Kenya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Robert Sapolsky wa Marekani alikuwa akiwafuata nyani wa Maasai Mara ili kujua jinsi cheo katika kundi kinavyoathiri homoni za msongo, hasa kotisoli. Hakuwa na kizimba wala chambo. Alikuwa na bomba la kupuliza kishale chenye dawa ya usingizi. Masharti aliyojiwekea yanafaa kusomwa na kila anayepima damu. Nyani alipulizwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi tu, kwa sababu kotisoli ya mnyama wa mchana huwa juu alfajiri na kushuka kadiri jua linavyozidi kupanda. Alipulizwa akiwa hana habari, maana aliyeuona mshale tayari ana damu ya mtu aliyeshtuka. Hakupulizwa siku aliyopigana, aliyojamiiana, aliyojeruhiwa au kuugua. Damu ilitolewa upesi baada ya kuanguka, kabla mwili haujapata muda wa kuujibu mshale wenyewe. Na kwa kuwa nyani hulala juu ya miti au majabali na kushuka asubuhi, saa hizo zilimpatia pia kitu kinachokaribia saumu ya usiku mzima bila mtu kumnyima mnyama chakula.

Kwa nidhamu hiyo Sapolsky aliona kwamba, kundi linapokuwa tulivu, madume ya cheo cha juu huwa na kotisoli ya chini kuliko wanyonge, na kwamba hali hiyo haidumu ngazi za vyeo zinapovurugika. Mwaka 1987, pamoja na Glen Mott wa San Antonio, akaripoti kwamba wanyonge wana kiwango cha chini cha ile kolesteroli inayosemwa kuwa nzuri. San Antonio tena: mji uleule uliowahi kuchukua nyani wa Darajani kwa ajili ya mafuta ya mishipa sasa ulipima mafuta ya nyani ambao hawakutolewa kwao, na ukagundua kwamba tofauti iliyotafutwa kwenye sahani ya chakula ilikuwemo pia katika nani anamwogopa nani. Tofauti hizi za cheo si kubwa kiasi cha kuonekana katikati ya vurugu za saa. Kama angepuliza mishale asubuhi kwa mmoja na alasiri kwa mwingine, kushuka kwa kotisoli kwa mujibu wa jua kungezimeza zote, na leo tungekuwa na makala ya kitaalamu ikisema kwamba cheo hakina athari yoyote.

Amboseli, kusini-magharibi mwa Makueni, ikatoa jaribio ambalo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu. Jeanne Altmann na wenzake walikuwa wakifuatilia nyani wa huko tangu mwaka 1971. Kundi moja liligundua jalala la hoteli ya watalii na kuanza kuishi karibu nalo. Makundi mengine yaliendelea kutembea kutwa yakichimba na kuchuma. Majike wa porini walikutwa na mafuta ya mwili asilimia 2 hivi. Wa jalalani walikuwa na asilimia 23 hivi. Mwaka 2002 Joseph Kemnitz, Sapolsky, Altmann, Mkenya Philip Muruthi na wengine wakaonyesha kwamba insulini na kolesteroli za wala masalio zilikuwa juu kuliko za wenzao. Kila msomaji atasema ni chakula, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini tazama kilichobadilika pamoja na chakula: umbali wa kutembea, saa ya kula, na urefu wa muda wa tumbo tupu, kwa kuwa jalala hujazwa kwa ratiba ya jikoni na jua halihusiki. Jamii ni ileile, nchi ni ileile, na ukiulizwa damu ya kawaida ya nyani wa Amboseli ni ipi, huna budi kuuliza: yupi, na amekula lini?

Pingamizi la pili ni la watu wa maabara wenyewe, nao hulitoa kwa kujiamini zaidi. Hayo ni ya porini, wanasema. Sisi tunazima taa saa moja ileile kila siku na kuwanyima wanyama wote chakula usiku kucha kabla ya kupima, kwa hiyo tumeshamaliza tatizo. Wamemaliza nusu. Kuzima taa kwa ratiba na kunyima chakula kwa ratiba huwapa matokeo yanayorudiwa, na hilo ni jambo kubwa. Ila tarakimu inayorudiwa inaweza kuwa inarudia hali isiyo ya kawaida. Panya wa maabara ana uzito wa gramu 25 au 30 na huchoma nishati kwa kasi ambayo mtu haifahamu mwilini mwake. Sehemu kubwa ya mlo wake ni wa usiku. Kumnyima usiku kucha ni kumnyima siku nzima, na asubuhi anaweza kuwa amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake huku akiba ya sukari kwenye ini ikiwa imekwisha. Mtu wa kilo 70 angehitaji kupoteza kilo 7 ili afanane naye. Chumba kikiwa na ubaridi, panya huyo huweza hata kuingia katika hali ya usingizi mzito na mwili kupoa. Daktari akisema mgonjwa wake hakula tangu jana jioni, na mtafiti akisema panya wake hakula tangu jana jioni, wametumia maneno yaleyale kwa mambo mawili yasiyofanana. Ndiyo maana maabara nyingi sasa hupendelea kuwanyima panya saa 5 au 6 za asubuhi, wakati ambao hata hivyo hawali sana. Na yapo mengine ambayo ratiba haiyagusi: panya na sungura hula kinyesi chao, kwa hiyo kuondoa chakula bila kubadilisha matandiko ni kuacha mlo mwingine sakafuni.

Ratiba hiyo inafika mwisho wa uwezo wake kwa mnyama mwingine wa Makueni. Fuko uchi, kiumbe mdogo asiye na manyoya na mwenye meno yaliyotokeza nje ya midomo, ameishi chini ya ardhi kavu ya mashariki mwa Kenya, Ethiopia na Somalia tangu zamani, na Rüppell alimwelezea kisayansi mwaka 1842. Jennifer Jarvis alianza kumchunguza nchini Kenya katika miaka ya 1960, na maeneo ya Mtito Andei yalikuwa miongoni mwa sehemu ambako koloni zake zilichimbwa na kupelekwa maabara. Mwaka 1981 aliishangaza dunia kwa kuonyesha katika jarida la Science kwamba mnyama huyu anaishi kama nyuki, malkia mmoja akizaa na wengine wakifanya kazi. Maabara za nje zilizowapokea fuko hawa zilikuja na maswali yaleyale ya kawaida: ana sukari kiasi gani akiwa na tumbo tupu, asubuhi?

Lakini fuko huyu hana asubuhi. Anaishi gizani, katika mahandaki yasiyobadilika joto sana, na mwili wake haushiki joto lake kama wanyama wengine wanyonyeshao. Mwaka 2000 Anthony Riccio na Bruce Goldman walipowaangalia walikuta baadhi yao wanafuata mzunguko wa siku na wengine hawaufuati kabisa. Tumbo tupu nalo ni shida, kwa kuwa anakula viazi vikubwa vya porini ambavyo koloni huvitafuna kidogo kidogo kwa miezi, bakteria wa utumbo wakiendelea kuvichachusha muda mrefu baada ya mlo, na kinyesi hurudi kuliwa. Anyimwe chakula saa ngapi ndipo tuseme amefunga? Damu yake imejaa mambo ambayo jedwali lingeyaita ugonjwa: vitamini D yake ni ndogo mno, maana jua halimfikii, na bado mifupa yake ni mizima na huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Mwaka 2017 Thomas Park na wenzake wakaonyesha kwamba akikosa oksijeni kabisa anaweza kuvumilia dakika 18, na kwamba katika hali hiyo fruktosi huongezeka kwenye damu yake na kutumiwa na ubongo na moyo badala ya glukosi. Aliyempima kwa utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya panya mweupe angeona sukari na saa, na asingeona fuko.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Kama kila kitu kinayumba kwa saa na kwa mlo, kwa nini tupime hata kidogo? Jibu ni kwamba si kila kitu kinayumba. Chumvi ya damu inalindwa na figo kwa ukali, na saa moja ya kuchelewa haiisumbui. Kolesteroli yote kwa jumla haibadiliki sana kwa mlo mmoja. Trigliseridi hupanda baada ya kula, glukosi na insulini hupanda haraka zaidi, kotisoli hufuata jua, na madini ya chuma huwa juu asubuhi. Hoja ya makala hii haidai shaka ya jumla. Inadai kila kipimo kipewe masharti yake. Mwaka 2016 mashirika ya Ulaya ya wataalamu wa mafuta ya mishipa na ya kemia ya tiba yalitangaza kwamba mgonjwa hahitaji tena kufunga kwa ajili ya kipimo cha kawaida cha kolesteroli. Kwa miaka mingi watu waliachishwa chai ya asubuhi bila faida kubwa, kwa sababu sharti la trigliseridi lilihamishiwa kwa kila kilichomo kwenye chupa moja ya damu.

Kwa mtu wa Migwani, katikati ya Kitui na Mwingi, tofauti hii ina gharama. Kuambiwa afike kliniki kabla ya kula maana yake ni kuondoka gizani na huenda kutembea kilomita kadhaa, kisha kungoja foleni. Kwa sukari, agizo hilo lina sababu, ingawa mwendo wenyewe na saa za kungoja vimeshaingia kwenye kipimo. Kwa kolesteroli, mara nyingi ni usumbufu wa bure. Na mlinzi wa usiku wa mjini Kitui, anayekula saa nane usiku na kulala mchana, akifika saa mbili asubuhi akiwa hajala kwa saa 6, analinganishwa na kiwango kilichotokana na watu wanaolala usiku. Homoni zake ziko katikati ya safari yao. Wapo wanaosema sasa tunacho kipimo kinachokwepa yote hayo, kile cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu, kinachoonyesha wastani wa takriban miezi mitatu na kisichojali saa wala kifungua kinywa. Ni msaada mkubwa kweli. Ila kinategemea chembe nyekundu kuishi siku 120 hivi, na mahali ambapo upungufu wa damu na selimundu si mambo ya nadra, chembe hazitimizi umri huo kwa kila mtu. Kwa panya wa maabara chembe hizo huishi siku 40 tu au zaidi kidogo, kwa hiyo kipimo chenye jina lilelile kinasimulia kwake muda mfupi zaidi wa maisha yake kuliko kinavyosimulia kwetu.